Almasi Kwenye Beseni la Viazi

Wifi yangu Esnath hana makuu, ila maneno yake ni ya kuvutwa kwa kamba. Akirudi kwetu Lyamkena kutoka Ujerumani, ukimuuliza kazi anajibu, "Nasafisha," basi.

Mwezi wa sita alipitia kwetu akielekea chuo kikuu Dodoma. Usiku huo akaniambia mimi peke yangu kwamba anasafisha almasi, na moja anayo. Kulipokucha nikamganda.

"Wifi, hata kuiona tu? Au unaogopa nitaivaa kanisani?"

Akacheka, akafungua kikopo. Kilikuwa kipande kidogo kuliko punje ya mchele, cheupe kama maji. Ndani yake, alisema, mna kasoro: mahali palipokosekana atomu ya kaboni, jirani yake naitrojeni. Kasoro hiyo hunasa usumaku hafifu mno. Lakini ngozi ya almasi ikiwa chafu, hainasi vizuri. Hiyo ngozi ndiyo kazi yake, na hiki kipande kimemla miezi minane.

Nikakiweka kiganjani. Nikapiga chafya.

Kikatumbukia kwenye beseni nililokuwa naoshea viazi, maji yote tope na mchanga. Nilitamani ardhi inimeze.

"Wifi, nisamehe! Nimekuua!"

Esnath akachungulia beseni, akauliza, "Yale mafuta ya nguruwe yapo?"

Nikajua amechanganyikiwa. Akapaka mafuta sinia zima, akaliinamisha, akaniamuru nimimine tope juu yake polepole.

"Hiki bado kina ngozi ya haidrojeni," alisema. "Ngozi hiyo hukataa maji, hung'ang'ania mafuta. Mchanga unapenda maji, utapita zake."

Mchanga ukapita kweli. Tulipomimina mara ya tatu, kitu kikameta kikiwa kimeganda katikati ya mafuta. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia.

"Na hayo mafuta?" nikauliza.

"Yataoshwa. Ndiyo kazi yangu."

Mama mkwe wangu, Mama Getruda, alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha viazi mkononi, akitazama yote.

"Esnath, kumbe kusafisha kwenyewe ndiko huku?"

"Ndiko, mama."

"Mimi nilijua unaosha vyombo vya watu, unaona aibu kusema. Miaka minne namwomba Mungu akutoe huko." Akafuta macho kwa kanga, huku akicheka. "Kuanzia leo nitamwomba akuache hapohapo."