Kuta za Mzee Ngassa

Upepo na mvua ya mawe viliezua na kubomoa nusu ya nyumba za kitongoji chao huko Ngulyati, na Milembe, mjane anayelima pamba, akaonekana kwenye televisheni akilia juu ya kifusi. Wakati huo alikuwa ameshahifadhiwa kwa jirani. Mwandishi wa habari aitwaye Yakobo ndiye aliyemwomba arudi akae pale. Akarudi, akidhani msaada ungefuata kamera.

Yalikuja mablanketi machache. Basi Milembe akawakusanya wenzake, wakafyatua tofali na kujengeana kwa zamu, hata palizi ikachelewa. Ikabaki nyumba ya mzee Ngassa tu. Mwenyewe aliomba awe wa mwisho, kwa kuwa mwanawe alikuwa amempa chumba.

Milembe akampigia Yakobo aje aone.

"Kuna maafa mengine, mama?"

"Hakuna. Tumejenga."

Alikuja baada ya kubembelezwa sana. Wanawake wakavaa vitenge vya kanisani, wakamtembeza mlango kwa mlango. Alimhoji Milembe kwa kirefu, kisha akauliza lile gofu kule ni la nani.

Habari ilipotoka, zilionyeshwa kuta za Ngassa, na Milembe yuleyule wa zamani akilia. Mtangazaji akasema wananchi wa Ngulyati bado hawana pa kulala. Nyumba mpya haikuonekana hata moja.

Kesho yake Scola, dada yake Milembe, akashuka kwenye bodaboda kutoka Lalago na gunia la mahindi. Akasimama uani akitazama bati jipya.

"Nilikwambia tumeshajenga," Milembe alisema.

"Ulisema. Lakini nimeona kwenye televisheni kwa macho yangu, mayu, dada yangu. Nikajua unanificha shida."

Hapo ndipo palipomchoma Milembe: ndugu wa tumbo moja kuamini televisheni kuliko yeye. Akampigia Yakobo.

"Mimi nilituma picha zote, mama. Wanaokata wako Dar. Nyumba iliyosimama haina habari."

"Kwa hiyo tubomoke tena ndipo tuonekane?"

Yakobo akasema yuko njiani, kuna mto umefurika upande wa Busega, atampigia baadaye. Hakupiga.

Scola alikaa wiki nzima, akakanda udongo na wenzake mpaka kuta za Ngassa zikafika kwenye linta, juu ya milango na madirisha. Mtu mmoja aliposema wapige picha waitume mahali, Milembe akamwambia ashike ndoo.