Msonobari wa Mama Mapazia

Mtaani walimwita Mama Mapazia, kwa kuwa kila dirisha lenye haya lilipita mikononi mwake. Alikuwa na cherehani, mume, na msonobari mweusi wa Kijapani aliouotesha kwa mbegu mwaka alioolewa. Aliulea uwe bonsai, mti wa kudumazwa ndani ya chungu. Tawi la chini aliliacha lirefuke ovyo ili shina linenepe, ndipo akalikata. Kila mwaka alichuma machipukizi ili majani yatoke mafupi, na matawi akayainamisha taratibu kwa waya wa shaba. Pale alipochelewa kuufungua waya pakabaki kovu la kujizungusha. Mtoto hawakujaliwa, na wenye midomo walisema analea mti. Mumewe akacheka: "Basi baba yake ni mimi."

Asubuhi moja wakakuta kibaraza ulipokaa mti kitupu. Mume ndiye aliyepiga ukelele wa mwizi. Alibisha hodi nyumba hadi nyumba, akarudi jasho likimtiririka, akamfuta mkewe machozi kwa shati lake.

"Aliyefanya hivi Mungu anamwona," alisema.

Miezi ikapita. Mume akapandishwa cheo, na bosi wake akataka mapazia mapya ofisini. Mama Mapazia akaenda na futi yake shingoni. Kufungua mlango tu, akauona msonobari juu ya kabati, chini ya kiyoyozi, umegeuka rangi ya kutu. Kovu lilikuwa palepale.

"Zawadi yako hiyo!" bosi alisema kwa furaha. "Mumeo aliniambia umeniandalia mwenyewe. Ila siku hizi mti umebadilika rangi. Ni msimu?"

"Huu haukai ndani, mzee. Unataka jua."

Akakwaruza gome kwa ukucha. Ndani pakavu kama kiberiti. Akapima madirisha yote, akaaga. Mti aliuacha, maiti ya nini?

Nyumbani mume hakukana. "Ni mti tu, mke wangu. Ningekuomba ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Na ungeuchukua kwa nguvu, ningelia nikanyamaza. Lakini wewe ulinifuta machozi!"



Hawakuachana. Wanakula pamoja, wanaulizana hali, hata mzaha hupita. Ila mume akisema nje mvua inanyesha, mkewe huinuka kwanza akachungulie dirishani.