Mtoto Mnono wa Kongo

Miaka ya tisini nilikaa Kisumu Ndogo, Kibera, na binti yangu wa mwaka mmoja, mwembamba kama samaki wa omena. Dada yangu alikaa mtaa uitwao Kongo, kule Kawangware, ng'ambo ya pili ya Nairobi, na mwanawe wa kiume wa umri huo huo ambaye watu walisimama njiani kumsifu. Mashavu yalimjaa, miguu ilikuwa minene, hata nywele zilikuwa zimegeuka hudhurungi na kulala laini. Mama mwenye ploti aliyopanga dada alisema anafanana na mtoto wa tajiri. Tulifurahi, ingawa dada alikuwa amepoteza kazi ya kufua na pale kwake walikula ugali na chai ya rangi.

Kliniki moja karibu na kituo cha mabasi cha 46, kule Kawangware, iligawia watoto waliopungua uzito unga wa uji. Mizani ikamkataa mpwa wangu: uzito unatosha. Dada akaja Kibera kwa miguu kuniomba mtoto. Si wa kulea, wa kwenda kupimwa badala ya wake. Sisi wa Kibera hatukuandikishwa kule, kwa hiyo binti yangu hakuwa anajulikana.

Tukamvalisha kaptura ya binamu yake. Dada akaingia naye, na kadi ya mvulana mkononi. Mimi nikabaki kwenye benchi nje nimempakata yule mnono, ambaye siku hizo alilialia tu na hakutaka kuguswa.

Dada alinisimulia baadaye. Nesi alimning'iniza binti yangu kwenye mizani, akasoma kadi, akaisoma tena. Kwa hesabu yake mtoto alikuwa ameyeyuka nusu kwa mwezi mmoja. Badala ya kutoa unga akaagiza gari la hospitali. Dada akajitetea kwamba mtoto anakula vizuri, na binti yangu alikuwa amenyakua kalamu ya nesi, anacheka. Nesi akamvua kaptura amkague. Akakuta msichana.

Dada akakiri yote. Nesi akatoka nje, dada nyuma yake amembeba binti yangu, nikajua tunafukuzwa. Lakini alimchukua yule mnono, akambonyeza mguu kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo likabaki, kama kwenye unga uliokandwa.

"Huyu hajanona," akasema polepole. "Amevimba. Ni ukosefu wa chakula."

Nikamwonyesha binti yangu. "Na huyu?"

"Huyo ni mwembamba tu. Mrudishe nyumbani."

Lile gari likamchukua mpwa wangu. Wodini alipewa maziwa kidogo kidogo, akakojoa yale maji siku baada ya siku, akazidi kukonda. Kila tulipomtembelea tulishangilia mbavu zikichomoza. Majirani wakampa dada pole kwa mtoto kuharibika. Aliniambia kinachomuuma ni vile alivyokuwa akisimama barabarani kupokea sifa.

Mtoto aliporuhusiwa kutoka, alikuwa mwembamba kumshinda binti yangu, na mizani ya kliniki ikamkubali, akapewa unga. Dada akapika uji, akawawekea mwanawe na binti yangu bakuli moja. Mvulana akamaliza, akampigapiga mama yake mkononi akidai mwingine. Kwa miezi mingi hakuwa ameitisha chakula.