Maana ya Mtutu

Nilirudi kutoka Uingereza na diploma ya ufundi wa mashine, niliyojilipia kwa kuosha vyombo hotelini. Hakuna aliyenichangia, na sikumjua mtu mwingine Ruiru aliyekuwa na karatasi kama ile. Nayasema haya kwa sababu diploma hiyo ndiyo iliyomwokoa kaka yangu asinyongwe.

Wakati ule wa Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakiwasaka wapiganaji wa msituni, kushikwa na bunduki kulikuwa kifo. Kaka, mkulima wa viazi vitamu, alikutwa na kipande cha bomba la maji. Sajenti wa homugadi, wale askari wa vijijini wa serikali, akampeleka Thika kwa afisa wa wilaya, akisema huo ni mtutu. Bunduki za msituni zilitengenezwa kwa mabomba kama hayo, kwa hiyo afisa alimsikiliza.

Nilifunga tai, nikaingia ofisini bila kuitwa.

"Sajenti, mtutu ni nini?" nikauliza.

"Ni bomba la bunduki! Kwani huko Ulaya ulisomea kupika?"

Nikamgeukia afisa, nikamweleza kwa Kiingereza kilichomfanya aweke kalamu chini. Mtutu ni bomba linalozuia moto wa baruti usitoroke nyuma wala ubavuni, ili nguvu yote isukume risasi mbele. Nikawasha sigara, nikapuliza moshi ndani ya lile bomba. Ukatokea kwenye matundu mawili yaliyotobolewa juu yake.

"Anayefyatua hii atajichoma uso," nikasema.

"Basi bomba hili ni la nini?" afisa akauliza.

"La kutegea fuko, bwana. Wanachimba chini kwa chini na kumaliza viazi."

"Mtego wa fuko ni wa mti!" sajenti akapaza sauti.

"Wa mti huliwa na mchwa," kaka akajibu, pingu mikononi. "Nimechoka kuchonga."

Tukatoka nje, uani. Nikapitisha vitanzi vya uzi kwenye matundu, nikachomeka ufito ardhini, nikaupinda, nikaufunga kwenye vitanzi, nikautega.

"Sajenti, ingiza kifimbo chako. Wewe ndiye fuko."

Askari walicheka. Akakiingiza kwa hasira. Ufito ukafyatuka, kifimbo kikanaswa, akabaki akikivuta kwa mikono miwili.

"Mfungueni huyu mtu," afisa akasema.

Njia nzima ya kurudi Ruiru, kaka aliwasimamisha wapita njia na kuwaambia, "Mnamwona huyu? Hakuna kama yeye!"

Alikuwa mkubwa wangu. Sikuona kuwa ni adabu kumkatiza.