Mapigo Manne ya Kimya

Bendi yetu ya roki ilipovunjika, wenzangu walisema ni kwa sababu mpiga gitaa ameoa. Mimi najua ni kwa sababu yangu. Nilikuwa mpiga ngoma, na mazoezi yalikuwa saa kumi na mbili jioni pale Noonkopir, nyuma ya duka la mabati. Saa hiyo hiyo mimi nikaanza shule ya watu wazima. Walinicheka, wakaniita ngumbaru. Nikasoma mpaka cheti kikatoka, na leo kinaning'inia sebuleni kwetu Kitengela, ndani ya fremu kubwa kuliko dirisha.

Kwa hivyo niliposikia wamerudiana, na watapiga Kajiado Jumamosi mchana, nilingoja wanipigie simu. Nilikula na simu, nilioga na simu. Mke wangu akaniuliza, "Baba, kwani unaiatamia ianguliwe?"

Haikulia. Tukaenda kama watazamaji.

Ulikuwa uwanja wa nyama choma, kando ya barabara ya Namanga. Kajiado nzima ilikuwa pale, na nusu ya Tanzania. Na kwenye kiti changu, nyuma ya ngoma zangu, alikaa mwanamke kutoka Rongai, mikono myembamba kama mwiko wa chai. Alipiga vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ni lazima. Kwetu kila mtu huomba mvua kwa ajili ya mifugo; siku hiyo mimi niliiomba kwa ajili ya spika.

Halafu wakaanza ule wimbo.

Huo wimbo tuliupiga mara ya kwanza mji huo huo, siku ya soko la ng'ombe. Katikati yake kijiti kimoja kilinitoka mkononi kikabingirika chini ya kiti. Nikainama. Bendi nzima ikanyamaza kunisubiri. Mwimbaji wetu, kwa kuona aibu inakuja, akapaza sauti kwa salamu ya Kimaasai, "Sopa!" Na soko lote likaitikia, "Epa!" Nafikiri hata ng'ombe waliitika. Nikaibuka na kijiti, nikapiga, watu wakapagawa. Tangu siku hiyo kile kimya kikawa ndio wimbo wenyewe. Mapigo manne, salamu, itikio, halafu ngoma.

Sasa yule mwanamke alipofika hapo, alirusha kijiti juu makusudi. Kikazunguka angani kama mara mia. "Sopa!" "Epa!" Akakidaka bila hata kukitazama, akaingia. Uwanja ulitetemeka. Lile lilikuwa kosa langu, na yeye alikuwa amelipiga pasi.

"Si hapa ndipo uliangusha kijiti?" mke wangu akasema, kwa sauti ya mhubiri.

"Teremsha sauti."

"Ukakitafuta huko chini kama kuku ametoroka?"

Mzee mmoja mbele yetu akageuka. "Ni mtindo," nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, kwa huruma sana.

Walipomaliza, mwimbaji aliruka chini akanikumbatia na jasho lake lote. "Ndugu! Kumbe ulikuja!"

"Hukunipigia."

"Si wewe ulisema ukishika cheti hutarudia hizi kelele?"

Nilisema. Nakumbuka hata nilikuwa nimeshika kitabu nikisema. Akamwita yule mpiga ngoma. "Kuja uone mwenye kile kimya."

Akaja mbio. "Kumbe ni wewe, mzee! Hapo ndipo panaponisumbua zaidi. Uliamuaje yawe mapigo manne? Mbona si mawili?"

Nilikuwa na jibu. Jibu la msomi, la dakika ishirini, ambalo lingefanya kile kimya kiwe changu milele. Lakini mke wangu alikuwa ananitazama, amekunja mikono.

"Kijiti kilianguka," nikasema. "Manne ndio muda wa kukifikia."

Akacheka mpaka akashika magoti. Wivu ukanipanda shingoni.

"Lakini wewe unaingia mapema," nikasema.

Akainuka. "Mapema?"

"Kidogo tu. Kwa sababu unajua utakidaka. Mimi sikujua kama nitakipata. Watu lazima waogope kwamba wimbo umekufa."

Alipigapiga paja lake kwa vidole, akihesabu, akarudia. Hakucheka tena. "Tuko na mazoezi Jumanne," akasema. "Unaweza kuja unionyeshe?"

"Saa ngapi?"

"Kumi na mbili jioni."

"Nitaangalia ratiba yangu."

"Saa hiyo hana kazi," mke wangu akasema. "Huwa anapanguza fremu."

Nitaenda. Nimewaambia wote naenda kumfundisha kuogopa, na pengine nitamfundisha. Lakini nimeshachagua pa kukaa: nyuma yake, karibu na miguu ya kile kiti, ili siku akikosa kukidaka, mimi niwe wa kwanza kukiokota.