Chaguo la Kwanza la Yusra

Mama tulimzika mwezi wa Shaabani, na sasa nyumbani kwetu Kasingirima, kando ya ziwa, hakuna tena wa kuumizwa na ukweli. Naandika habari za mdogo wangu Yusra, kwa jina la Mwenyezi Mungu anayezijua kabla sijaziandika.

Yusra ndiye wa kwanza kwetu kufika kidato cha sita. Mimi niliishia cha nne, nikaingia kwenye dagaa. Mwaka aliomaliza, Warundi walikuwa wakivuka kwa wingi. Mama alikuwa Muha wa Ilagala, na Kiha kinasikilizana na Kirundi, basi Yusra akachukuliwa kutafsiri kwenye kituo cha kupokea wakimbizi. Jioni alirudi sauti imekauka, akitusalimu "Amahoro!" kana kwamba sisi ndio tumeshuka melini.

Matokeo yake yalikuwa mazuri. Ikabaki kuchagua masomo ya chuo: uhandisi wa kompyuta, uhandisi wa umeme au sayansi ya kompyuta. Nikamwambia naona yote ni mamoja.

"Si mamoja, kaka Sefu. Sayansi ya kompyuta unaifundisha mashine kufikiri. Uhandisi wa kompyuta unaitengeneza mashine yenyewe. Umeme ndio unaoiwasha."

"Basi soma ya kukaa kwenye kiti. Utapanda nguzo na baibui?"

"Nitavaa suruali ndani. Na wewe utanishikia ngazi."

Mama alicheka mpaka akaacha kuchambua mchele. Mimi sikucheka. Mafundi umeme wote niliowajua walikuwa wanaume, nikahofu atasoma miaka minne arudi asipate kazi wala mume.

Akaswali istikhara, kumwomba Mungu amchagulie, rakaa mbili kila baada ya adhuhuri, siku saba. Siku ya saba akasema moyo umetulia kwenye umeme.

"Jana jenereta ya kituo ilizimika, kuna mama anajifungua. Nesi alimulikiwa na simu yangu mpaka chaji ikaisha. Kompyuta bila umeme ni sinia tu, kaka. Tupangie samaki wa migebuka."

Mtoto alikuwaje, hakusema, nasi hatukuuliza.

Siku ya mwisho ya kuomba chuo, meli iliingia na watu mia kadhaa, hakuweza kutoka. Akanipa namba yake ya siri. "Umeme uwe wa kwanza. Usisahau."

Sikusahau. Nilikaa kwenye duka la intaneti mjini nikaweka sayansi ya kompyuta ya kwanza, umeme wa tatu. Nilijiambia ni huruma ya kaka.

Jioni akaniuliza, "Umeweka umeme kwanza?"

"Nimeweka."

"Allah akulipe."

Alisema kwa shukrani, na tangu siku ile naliogopa neno hilo.

Wiki mbili baadaye kipindupindu kilimkuta kituoni. Kilimwanza alfajiri. Kwenye kitanda cha wagonjwa aliniambia, "Majina yakitoka niambie." Kabla ya alasiri alikuwa amekufa. Mama hakuruhusiwa kumwosha. Alisimama mbali akiwaangalia wenye glavu, mikono yake akiifuta kwenye kanga kama iliyolowa.

Majina yalitoka baada ya arobaini. Simu ya Yusra ilikuwa mkononi mwangu: amechaguliwa, sayansi ya kompyuta.

"Wamempa nini?" Mama akauliza.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. "Umeme, Mama."

Akainua mikono. "Alhamdulillah. Istikhara ya mwanangu ilikubaliwa."

Aliwasimulia majirani, akaisimulia misikitini. Na miaka yote, umeme ulipokatika, alisema, "Yusra angekuwepo," akangoja niitikie. Niliitikia kila mara.

Nimetubu, sijui kama inatosha. Tulifundishwa madrasa kwamba haki ya mja huombewa msamaha kwa mwenyewe, na wenyewe wote wawili nimewazika. Leo umeme umekatika tangu asubuhi. Najikuta nangoja Mama aseme.