Mivule Iliyopandwa Kama Mingazi

Raphaël wa Lweba, mkulima wa mingazi, yaani michikichi ya mafuta, alitaka mbao. Akapanda mivule kwa mazoea yake ya mingazi: hatua kumi kutoka mti hadi mti, kila mmoja upate jua lake. Msituni mivule hubanana, ndiyo maana hunyooka kulitafuta jua. Ya Raphaël haikuwa na haraka. Ilitanuka, ikatoa matawi usawa wa kiuno, yamepinda kama viwiko. Kwa miaka ishirini na mitano mkewe Adolphine alikuwa akimuuliza, "Baba Dieumerci, mbao iko wapi?"

Mwaka huu akapita fundi wa boti, akashika tawi. "Hii ni mbavu ya boti kabisa, ule mti uliopinda wa kushikilia mbao! Uliipinda namna gani?"

Raphaël akatabasamu kama mtu mwenye siri.

Sasa mafundi wanapanga foleni. Adolphine haulizi tena, anawauzia chai.